Sifuri ya Mzee

Mtu akikiri kosa kwa mwandiko mzuri, Inspekta Rudia humtilia shaka. Wenye hatia aliowajua katika miaka yake ishirini na sita ya kazi waliandika ovyo: walikata maneno, walirudi nyuma, wengine walilowesha karatasi kwa machozi. Lakini karatasi aliyokuwa nayo asubuhi hiyo ilikuwa na mistari iliyonyooka utadhani imepigwa pasi.

"Mimi, fundi wa vipimo wa kiwanda hiki, siku ya Jumapili nilijaza mguu wa maji wa transmita ya tangi namba mbili. Kabla ya kujaza nilipima, nikakuta chombo kinasoma sawasawa. Baada ya kujaza nikazungusha skrubu ya sifuri kwa makosa. Jumatatu asubuhi tangi likafurika, likamuunguza mwenzetu hadi kufa. Kosa ni langu peke yangu."

"Peke yangu," Inspekta alisoma kwa sauti. "Kwani nani alimuuliza kama walikuwa wawili?"

Jina la Rudia alipewa na wenzake kituoni, kwa sababu hilo ndilo neno alilolitumia kuliko yote. Shahidi akimaliza kusema, yeye humwambia "rudia", na akirudia humwambia tena "rudia", mpaka uongo uchoke wenyewe ukae chini. Nyumbani mkewe alishampiga marufuku kulitamka.

Meneja wa kiwanda cha sabuni, bwana mwembamba mwenye tai fupi, alisimama dirishani akitazama saa yake.

"Afande, mimi sioni ugumu uko wapi. Mwenyewe amekiri. Gari lenu lije saa nane limchukue, Jumatatu afikishwe mahakamani, watu wangu watulie. Leo siku ya tano mitambo imelala."

"Kusababisha kifo kwa uzembe ni miaka jela, bwana meneja. Mama wa watoto wawili huyo. Acha mitambo ilale kidogo."

"Ilale mpaka lini?"

"Mpaka nijue mguu wa maji ni mdudu gani."

Meneja alitaka kucheka, akaona afande hacheki, akaacha. Akampigia simu msimamizi wa zamu aje amtembeze mgeni.

Chumba cha boila kilikuwa nyuma ya kiwanda, na harufu ya sabuni ilifika hata huko. Tangi namba mbili lilisimama juu ya miguu minne ya chuma, jeupe, refu kuliko watu wawili waliobebana. Hapo ndipo yalipohifadhiwa maji ya moto kabla ya kuingia kwenye boila. Chini yake kulikuwa na pampu, na mbele ya pampu kopo la grisi lililoachwa wazi. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kulifunika.

"Kocha alikuwa amechuchumaa hapa," msimamizi wa zamu alisema. Kocha ndiye marehemu, fundi wa pampu aliyekuwa pia akifundisha timu ya mpira ya kiwanda. "Saa mbili asubuhi. Anapaka grisi, anaimba. Maji yakatokea juu kwenye bomba la kupumulia, yanachemka. Yakamshukia mgongoni. Jumanne mchana akatutoka. Jumatano tukamzika."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Chumba cha kuongozea mitambo. Mbele ya skrini."

"Skrini ilisemaje?"

"Asilimia themanini. Naapa, afande. Pampu hujaza mpaka skrini ifike themanini na tano, halafu inajizima yenyewe. Nilikuwa nangoja izime."

"Na king'ora?"

"Hakikulia."

"Rudia."

"Hakikulia, afande."

"Nimeambiwa wewe huwa unakizima. Kinakukera."

Bwana yule alitazama viatu vyake. Alikuwa mnene, na jasho lilimtoka mapema kuliko joto lilivyostahili. "Nilikizima mara moja. Mwaka jana. Nikapewa onyo, lipo kwenye faili. Lakini Jumatatu kilikuwa kimewashwa. Tangu siku ile silali, najiuliza labda nilikizima bila kujijua. Mtu anaweza kufanya kitu bila kujijua, afande?"

Inspekta alikuwa ameingia humo akiamini amempata mtu wake. Akaomba wakaone. Kwenye chumba cha kuongozea mitambo, mashine ilihifadhi kumbukumbu ya kila kitufe kilichobonyezwa, na hakuna aliyegusa king'ora wiki nzima. King'ora hulia skrini ikifika tisini. Skrini haikufika tisini. Ilisimama themanini huku maji yakimwagika juu ya mtu.

"Kumbe hiki king'ora na hii skrini vinamsikiliza mtu mmoja," Inspekta alisema.

"Ndiyo. Ile transmita, kipimo cha kina cha maji, pale chini ya tangi. Ndiyo jicho letu sote."

"Basi ukalale, bwana. King'ora hakikuzimwa. Kilidanganywa, na wewe ukadanganywa pamoja nacho."

Msimamizi wa zamu alikaa kwenye kiti, akajifunika uso kwa kofia yake ya kazi, akalia mabega yakimtikisika. Inspekta akamwacha, akarudi tangini peke yake.

Transmita yenyewe ilikuwa boksi la chuma, ukubwa wa sufuria ndogo, limefungwa ukutani kwa bolti. Mabomba mawili membamba yaliingia ubavuni mwake. Moja lilitoka chini kabisa ya tangi. La pili lilitoka juu, likashuka kando ya tangi mita tatu nzima. Hilo la pili, bila shaka, ndilo mguu. Karibu yake palikuwa na kioo kirefu cha kuchungulia kina cha maji kwa macho, lakini kilikuwa na ufa, kimezungushiwa utepe, na koki zake zimefungwa. Kibandiko kilionyesha kilifungwa wiki mbili zilizopita.

Maji yaliyomwagika Jumatatu yalikuwa yamekauka na kuacha utando wa chumvi kila mahali: juu ya bolti, juu ya boksi, juu ya waya. Inspekta alipitisha kidole, ukatoka unga mweupe. Skrubu ya sifuri, ile ya kurekebisha usomaji wa chombo, ilikuwa ubavuni mwa boksi, na juu yake palikuwa na tone la rangi nyeupe inayong'aa. Alilitazama kwa lenzi kwa muda mrefu. Utando wa chumvi haukuwa juu ya tone lile. Ulikuwa chini yake.

Akasogeza lenzi. Kwenye mfereji wa skrubu, pale ambapo kisu hakifiki vizuri, palisalia chembe mbili za rangi nyekundu.

Karakana ya vipimo haikuwa mbali. Ilikuwa safi kupita ofisi ya meneja. Ukutani palitundikwa mfuniko wa kopo wenye matone manne ya rangi ya kucha, na chini ya kila tone nembo ya fundi. Karani wa stoo, aliyemfungulia mlango, alimweleza. Fundi akishaweka sifuri ya chombo sawa, hudondosha rangi yake juu ya skrubu. Akija mwingine akaikuta rangi haijapasuka, anajua nani alishika mara ya mwisho na kwamba hakuna aliyechezea. Kijani alihama. Bluu yuko likizo ya ugonjwa, huu mwezi wa tatu sasa. Nyeupe ni yule dada aliyekamatwa.

"Na nyekundu?"

"Nyekundu ni baba yake. Mzee Sifuri, ndivyo tulivyomwita. Amestaafu mwezi uliopita. Huyo akiweka nyekundu yake, afande, hata mzungu wa kiwanda kilichotengeneza chombo hagusi."

Inspekta alifungua daftari la kazi la yule dada. Kila kazi ilikuwa na namba mbili: alivyokuta chombo kinasoma, na alivyokiacha. Kurasa arobaini, hakuna hata moja iliyorukwa. Mpaka Jumapili. Hapo palikuwa na maneno "mguu umepungua, nimeujaza", na nafasi za namba zote mbili zilikuwa tupu. Alirudi nyuma kurasa kumi, akaenda mbele, akarudi tena pale pale. Kisha akaomba apelekwe kwa mwenye daftari.

Walikuwa wamemweka chumba cha huduma ya kwanza, askari wa kike mlangoni. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri, mikono juu ya mapaja. Alimwamkia Inspekta kwa adabu, akangoja.

"Dada, kabla hujajaza mguu, chombo kilisoma ngapi?"

"Sawasawa."

"Sawasawa si namba. Wewe ni mtu wa namba."

"Sikumbuki."

"Umeandika hapa ulipima. Daftari lako halina kitu."

"Nilisahau kuandika."

"Kurasa arobaini hukusahau."

Nje, mtu aliburuta ndoo sakafuni.

"Skrubu uliizungusha lini?"

"Jumapili."

"Rangi yako nyeupe ukaipaka lini?"

"Jumapili hiyo hiyo. Baada ya kazi."

Inspekta aliandika jibu hilo polepole, neno kwa neno. Uongo wake ulikuwa wa mtu asiyeuzoea. Ulimtoka huku akitazama ukutani, na masikio yakimwiva.

"Kocha alikuwa nani kwako?"

Hapo ndipo alipovunjika. "Alinifundisha kupanda ngazi ya tangi. Nilikuwa naogopa mpaka natapika. Alikuwa anapanda nyuma yangu, ananiambia, shuka ukitaka, ila ukishuka kesho utaanza upya." Alijifuta pua kwa kiganja. "Nilimuua, afande. Ningeunganisha ile mita ya kupimia, dakika mbili tu, angekuwa hai. Sikuunganisha. Nipelekeni, sitaki maswali mengine."

"Kwa nini hukuunganisha?"

Akatikisa kichwa. Hakufungua mdomo tena, hata alipoambiwa "rudia" mara tatu.

Inspekta alitoka akajiegemeza ukutani. Machozi yale yalikuwa ya kweli, na hatia ile ilikuwa ya kweli. Ila haikuwa na uhusiano na mistari ile iliyopigwa pasi. Dada huyu hakugusa skrubu Jumapili. Aliigusa Jumatatu, baada ya maji kukauka, na hakuigusa kuizungusha. Alikwangua rangi ya mtu mwingine akaweka yake.

Mzee Sifuri alikuwa getini. Tangu binti yake akamatwe asubuhi hiyo, alikuwa amekaa kwenye benchi la walinzi na mkoba wake wa vifaa miguuni, akimwomba kila anayepita amwambie meneja kuna mtu anaweza kusaidia. Alikuwa mfupi, kichwa kimeota mvi, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu. Jumatano alikuwa ametangulia makaburini kuliko ndugu wa marehemu.

"Mzee, nahitaji mtu wa kunifundisha," Inspekta alimwambia baada ya salamu. "Hivi vyombo mimi sivijui."

Uso wa mzee uling'aa. Aliinuka kabla Inspekta hajamaliza. "Nilijua atatokea mwenye akili. Twende, afande. Nitakuonyesha binti yangu hana kosa. Nitakuonyesha kwa namba, sio kwa maneno."

Inspekta alitembea kando yake akijiona mshenzi. Alikuwa na chembe mbili za rangi nyekundu kichwani, na mzee wa watu alikuwa anamshukuru njia nzima.

Chini ya tangi mzee alipiga magoti kwenye gunia, akatoa spana, bisibisi na mita. Mikono yake ilikuwa tulivu kabisa.

"Shuleni ulikimbia hesabu, eti?"

"Nilikimbia, Mzee."

"Unaonekana. Haya, sikiliza. Tangi hili limefunikwa, lina mvuke, ndiyo maana linahitaji mabomba mawili. Hili la chini linaleta uzito wa maji ya tangini. Hili la juu, mguu, linajazwa maji mara moja na linabaki limejaa siku zote. Mita tatu, sawa na tangi. Chombo kinashindanisha pande mbili. Tangi likiwa tupu, mguu unashinda sana, chombo kinatoa umeme namba nne. Tangi likijaa, pande zinatoshana nguvu, kinatoa ishirini. Umenielewa?"

"Nne tupu, ishirini limejaa."

"Mwanafunzi mzuri. Sasa nafunga valvu hii na hii, nafungua hii ya katikati. Pande mbili zinaonana, zinakuwa sawa kwa lazima. Nakidanganya kwamba tangi limejaa. Chombo kizima kitasema ishirini. Kikisema kumi na tisa na nusu nakizaba kofi. Shika mita hiyo, nisomee."

Inspekta alisoma. "Kumi na sita nukta nane."

"Umeshika kichwa chini miguu juu."

"Soma mwenyewe, Mzee."

Mzee alisoma. Akachomoa waya za mita, akazifuta kwa shati, akazirudisha. Kumi na sita nukta nane. Akabadilisha betri ya mita. Akaingoja itulie, akihesabu kwa midomo. Kumi na sita nukta nane. Akafunga valvu ya katikati na kuifungua upya. Haikubadilika hata nukta.

"Basi ndiyo hivyo," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ya kazini, haina mzaha. "Nne mpaka ishirini ni hatua kumi na sita; imeshuka tatu nukta mbili, sehemu moja ya tano. Tangi likijaa pomoni, chombo kinasema asilimia themanini. Pampu inangoja themanini na tano. Haitaiona, afande, hata ingengoja mwaka. Itajaza tu. Maskini Kocha." Alifuta jasho. "Sifuri imezungushwa. Nani kaizungusha?"

"Binti yako anasema ni yeye."

"Aka! Binti yangu?" Mzee alicheka kwa hasira. "Yule hawezi kugusa sifuri bila kuandika. Nimemlea hivyo. Na hii si mkono kuteleza. Sehemu moja ya tano ya mita tatu ni sentimita sitini. Hakuna anayeteleza sentimita sitini. Huyu alizungusha kwa makusudi, polepole, huku anatazama kioo cha kuchungulia mpaka chombo kikakubaliana nacho. Na kama kilikubaliana na kioo siku hiyo, basi siku hiyo mguu wenyewe ulikuwa umepungua sentimita..."

Hakuimaliza sentensi. Bisibisi ilikuwa mkononi mwake, imeelekezwa kwenye boksi. Inspekta alimwona akiitazama skrubu, kisha kioo chenye ufa, kisha skrubu tena. Mzee alitoa miwani mfukoni akaivaa. Alisogeza uso mpaka pua ikakaribia chuma.

"Chini ya nyeupe kuna nyekundu," Inspekta alisema.

"Naiona."

"Pole, Mzee."

"Ulikuwa unajua ulipokuja kunichukua pale getini."

"Nilikuwa nashuku."

"Na ukaniacha niongee." Hakusema kwa chuki. Alishuka kutoka magotini akakaa sakafuni kabisa, kwenye maji yaliyochuruzika kutoka kwenye valvu, suruali yake safi ikalowa.

Inspekta alifungua daftari lake. Alitamani mtu mwingine angekuwa anaifanya kazi ile. "Nieleze."

"Mguu ulikuwa unavuja juu kwenye kizibo. Nikakikaza, ukaacha kuvuja. Lakini ulishapungua, chombo kikawa kinasoma maji mengi kuliko yaliyomo. Kuujaza lazima tangi lipoe, na uzalishaji hawakutaka kusimama. Nikasema, haya, nitaizungusha sifuri ilingane na kioo, tuendeshe hivyo mpaka siku ya kusimamisha mitambo, halafu mguu ujazwe na sifuri irudishwe. Ni ujanja wa kazi, afande. Wote tunaufanya. Unaandika tu kwenye kitabu cha makabidhiano: mguu ukijazwa, sifuri irudishwe."

"Ukaandika?"

"Hapana."

"Rudia."

"Sikuandika. Nikaweka nyekundu yangu kwa mazoea, kama kwamba kazi imekwisha." Alivua miwani. "Ilikuwa siku yangu ya mwisho. Wameniandalia sherehe kule bwaloni. Kalamu ninayo mkononi. Mtu akaja mbio kuniita. Akaniambia, Mzee, wewe ndiye bwana harusi na hotuba zimeanza bila wewe. Nikamwambia ngoja niandike mstari mmoja. Akanishika mkono, akasema utaandika kesho. Tukacheka. Nikasahau kwamba kesho sina kazi."

"Nani alikuja kukuita?"

Mzee alimtazama kwa macho makavu. "Si huyo huyo Kocha."

Inspekta aliishusha kalamu.

"Rudia," alisema, na safari hii neno lilimtoka kwa kunong'ona.

"Kocha. Alikuja Kocha. Alinishika mkono huu."

Askari wa kike alimleta yule dada. Alipofika mlangoni tu akaona baba yake kakaa chini na mita imeunganishwa, alielewa yote. Aliruka kopo la grisi, akapiga magoti.

"Baba, nyamaza. Usiseme kitu. Nimeshaandika, imekwisha."

"Tangu lini unajua?"

"Baba, tafadhali..."

"Nimekuuliza."

"Jumatatu. Kabla polisi hawajaweka utepe. Nilisawazisha zile pande mbili, nikapata kumi na sita nukta nane."

"Na Jumapili, ulipojaza, hukuunganisha mita?"

"Tangi lilikuwa tupu. Nilitazama skrini, ikasema sifuri, na tangi tupu ndivyo linavyosema. Skrini haionyeshi chini ya hapo." Sauti ilimkatika. "Na skrubu ilikuwa na nyekundu yako. Ningekupima wewe, baba? Nyekundu yako?"

Mzee alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa amezeeka mbele yao.

"Jumatano nimemwaga mchanga kaburini mwa Kocha. Ulikuwa umesimama kando yangu. Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniacha niumwage."

"Ungefia pale pale, baba."

"Na watoto wako? Ulitaka wajukuu wangu waje jela kukuona, mimi nikiwa nyumbani nakula?"

Dada alimshika baba yake shingoni kwa mikono miwili, akalia kifuani mwake. "Mita ni kosa langu," alisema. "Hilo hutanichukulia, hata uandike nini. Mita ni yangu."

"Nitaandika yote mawili," Inspekta aliwaambia. "Skrubu ya nani, na mita ya nani. Mahakama itajua la kufanya. Lakini ile karatasi ya mistari kumi haitasimama, dada. Utaniandikia nyingine, na hiyo uiandike vibaya."

Saa nane kasoro, meneja alikuja nusu anakimbia. Mke wa Kocha amefika, yuko mapokezi. Yeye meneja ndiye aliyemwita, aje aambiwe kwamba aliyemuua mumewe amepatikana. Sasa amwambie nini?

"Nitamwambia mimi," Mzee alisema, akiinuka kwa kujishika ukutani.

Taratibu zilikataza. Mtuhumiwa hakutanishwi na ndugu wa marehemu, kila askari anajua hivyo tangu chuoni. Inspekta alimtazama mzee akijaribu kukung'uta maji kwenye suruali yake ili asiende kwa mwanamke wa watu akiwa mchafu, akajikuta anamfungulia mlango.

Mke wa Kocha alikuwa ameketi ukingoni mwa kochi, kanga nyeusi imemshuka begani, kikombe cha chai hajakigusa. Alipomwona Mzee Sifuri aliinuka haraka. Alimfuata katikati ya chumba, akamwahi kabla hajasema lolote.

"Baba, usiniombe radhi kwa ajili ya mwanao. Najua umekuja kwa hilo. Siku zote tatu za msiba umekuja kwangu, ukakaa na watoto, hukusema, nikajua unashindwa. Nimeshamsamehe. Yule hakukusudia, na mume wangu alimpenda." Akakishika kiganja cha mzee kwa mikono yake yote miwili, akainamisha kichwa kama anavyofanya mtoto kwa mzazi wake. "Shikamoo, baba."

Meneja alitazama dari. Mwanamke alibaki ameinama vile vile, mkono wa mzee mikononi mwake, akingoja aitikiwe.